MP3 ya Masunga imegoma kuwaka

Bariadi, Jumamosi ya kwanza ya Julai

Masunga, mdogo wangu,

Leo kumekucha na upepo wa baridi na vumbi. Malori ya pamba yanapita tangu alfajiri, na manyoya meupe yamenasa kwenye miiba ya ua wetu kama kawaida ya msimu huu. Hata chai sikunywa. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nangoja fundi apige.

MP3 yako imegoma.

Nakuandikia kwenye ukurasa huu wa mtandaoni kwa sababu wewe ndiye uliyenifungulia, na sijui pengine pa kukwambia.

Tangu tukuzike, ile mashine ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu vyako. Nilikuwa naogopa kuigusa. Juzi juzi mama akapiga kutoka nyumbani Lingeka, kwa simu ya jirani. Hakuzunguka. Alisema sura yako anayo, ipo ukutani kwenye picha, ila sauti imeanza kumtoka. Akijaribu kukusikia kichwani anamsikia marehemu baba. "Niletee sauti ya Masunga," akasema. "Ile aliyokuwa ananitumia kwenye kiredio chake."

Nikamwahidi Jumapili. Jumapili ni kesho.

Nikashusha boksi. Nikabonyeza, kimya. Nikachomeka chaja, kimya. Nikasukuma kile kitufe kidogo cha kufuli huku na huku, kimya. Nikaifuta kwa kitenge, kana kwamba vumbi ndilo lililokuwa limeiziba mdomo. Kwenye kioo cheusi nilijiona mwenyewe tu.

Simu yako ilisagika siku ile ya ajali. Sauti yako yote iliyobaki duniani imo humo, katika zile salamu ulizokuwa unarekodi na kumpelekea mama pamoja na mashine yenyewe.

Alhamisi nikaipeleka kwa Edson, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Ni mtu wa Moshi, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Akaifungua, akasema betri imelala kwa kukaa muda mrefu bila chaji, ataiamsha taratibu. Nikamweleza kwamba programu iliyomo siyo ya kiwandani. Ile ya kiwandani ulikuwa umeitoa, ukapakia nyingine ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, kwa sababu ya kiwandani haikukuruhusu kubadilisha chochote. Edson akaguna. Mafundi hawapendi kusikia kwamba mtu mwingine ametangulia.

Leo asubuhi ndipo akapiga.

"Dada Kabula, imewaka. Ila imeganda, nadhani ina virusi. Naipiga fomati, naipakia programu ya kiwandani, utaichukua ikiwa mpya kabisa."

Mpya kabisa. Maana yake tupu.

Nikamwambia asiiguse. Akaniuliza asipoigusa ataitengenezaje. Nikakata simu, nikapanda bodaboda na kandambili za ndani miguuni. Mbele yetu kulikuwa na trela la pamba limeziba njia yote, na dereva hakuthubutu kulipita. Nilimsukuma mgongoni kwa ngumi. Simjui hata jina. Nitamtafuta nimwombe radhi.

Nilikuta kompyuta imefunguliwa, waya umechomekwa, na kidole cha Edson kipo karibu na kitufe cha kukubali.

"Toa waya," nikasema. Sikusalimia.

Akautoa. "Basi angalia mwenyewe, dada. Inaandika neno moja halafu inaganda. Naizima, naiwasha, inarudi palepale, asubuhi nzima. Lindi la... Lindi la nini? Mimi Lindi sijawahi hata kufika."

Kwenye kioo palikuwa na neno moja: LINDILA.

Nilicheka, Masunga. Nilicheka na machozi yakanitoka, mpaka mama anayeuza vocha kibanda cha jirani akachungulia.

Nilikuwa nimesahau. Ulikaa masika nzima kwenye kile chumba kinachovuja, unageuza maneno ya ile mashine, moja moja, kuwa Kisukuma. Mama kusoma kwake ni kitabu cha nyimbo za kanisani, cha Kisukuma, na ulitaka aweze kuitumia bila kumwita mtu. Pa nyimbo ukaandika Mimbo. Na pale ambapo mashine inamwomba mtu asubiri, ukaandika Lindila.

"Siyo virusi, fundi. Ni Kisukuma. Inasema subiri."

"Nani anasema?"

"Mashine. Inakwambia usubiri, na wewe unaizima."

Mama wa vocha akadakia kutoka kwake. "Ee, Edson! Neno unalotuambia sisi kila siku tukifuata simu zetu, leo umeambiwa wewe hulijui!"

Edson akacheka kwa aibu, akavuta stuli, akanipa. Akaichomeka mashine kwenye chaja ya ukutani. Kisha akaiweka sikioni, uso ukabadilika, akanipa na mimi. Ndani kulikuwa na mlio mdogo sana, kama mdudu aliyefungiwa kwenye kiberiti.

Diski ilikuwa inazunguka. Ilikuwa hai.

Akanieleza kwamba betri ilipokufa kabisa, mashine ilipoteza mpangilio wake, kwa hiyo inapitia faili moja moja upya. Kila alipoizima, aliirudisha mwanzo. Nikauliza umeme ukikatika je, kwa kuwa betri bado haijapata nguvu. Akakuna kichwa. "Diski yenyewe ni ya zamani, dada. Haipendi kukatishwa. Nimeshaikatisha sana."

Hapo kicheko kikaisha.

Tukakaa. Wateja wakaja, akawarudisha. Balbu ya kibandani ikafifia mara moja, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ikarudi. Mimi mwenyewe sikujua nasali au nahesabu pumzi. Nilikuwa nafikiria vitu vidogo tu: ulivyokuwa unakata kucha kwa wembe, ulivyokuwa unakula ukoko wa ubwabwa kabla ya ubwabwa wenyewe. Sauti sikuthubutu kuikumbuka. Niliogopa nijaribu nikute na mimi imenitoka.

Kisha ule mlio ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Edson alishika mdomo.

Halafu maneno yakaja, yote, kwa mpangilio wako. Mimbo juu kabisa. Chini yake folda yenye jina moja: Mayu, yaani mama.

Nilitaka kuifunga na kuipeleka hivyo hivyo, mama awe wa kwanza kukusikia tena. Lakini kumpelekea mama faili iliyokufa ingekuwa vibaya zaidi. Edson akachomeka iafoni zake, akavaa sikio moja, mimi jingine. Nikabonyeza.

"Mwadila, mayu."

Ni wewe. Ni wewe kabisa, na yale mafua yako yasiyopona.

Kisha kimya.

"Imeganda tena!" Edson akapeleka mkono. Nikaudaka hewani.

Haikuwa imeganda. Kwetu mtu hasalimii akaunganisha na habari zake. Unasalimia, unamwachia mwenzako nafasi aitikie. Ulikuwa peke yako chumbani, hapa Bariadi, unaongea na kichuma, na bado ukamwachia mama nafasi yake.

"Mhola?" ukauliza, kama yu salama. Ukanyamaza tena. Halafu ukacheka kidogo, kama mtu aliyejibiwa.

Nikatoa iafoni. Yanayofuata ni ya mama.

Edson akauliza kwa sauti ya chini kama mwenye sauti ile ni marehemu. Nikamwambia ndiyo. Akasema pole. Akanakili folda yote kwenye simu yangu na kwenye kadi, bila kuharakisha, akaikagua mara mbili.

Sasa ni jioni, upepo umetulia. Mashine ipo mezani, imejaa chaji, nami nimeshafunga begi la safari. Ningependa kusema nina amani. Sina. Mama atakuitikia, hilo najua, na wewe utaendelea na maneno yako bila kusikia alichokujibu. Sijui atafanya nini akiligundua hilo. Labda analijua tayari, na ndilo analolitaka.

Nimeamua sitamwonya. Nitambonyezea, basi.

Nitakaa kwenye kigoda karibu naye. Utasema mwadila, naye atakuitikia, "Mwadila, ng'wanawane," akikuita mwanawe. Mimi sitatia neno, ile ni salamu yenu wawili. Lakini nitakuwepo hapo hapo.

Mkishamaliza kusalimiana, Masunga, nikumbuke na mimi.