Honi ya Kushukia Dunguni

Alhamisi, baada ya magharibi. Manyunyu yalianza alfajiri na hayajakatika. Masika yameshaaga lakini hayaondoki, kama mgeni anayesimama mlangoni na bado ana la kusimulia. Nguo hazikauki, kiberiti hakishiki.

Nimekaa kibarazani, mahali ninapoiona pikapu. Leo sitaki kuipa mgongo.

Nianze na honi, maana ndiyo iliyoleta haya yote.

Tangu simba alipomchukua Mzee Mtulia akiwa njiani kurudi kutoka shambani, hapa Mkongo tumekubaliana jambo moja. Wanaolinda mpunga bondeni hawarudi kwa miguu jioni. Wanakaa juu kwenye madungu, vile vibanda vya nguzo ndefu tunavyojenga ili kufukuza ndege na nguruwe, wanasubiri. Mimi nashuka na pikapu baada ya alasiri, na nikifika kwenye kona yenye mti wa mvumo napiga honi tatu. Ukisikia honi tatu unateremka ngazi unakuja barabarani, kwa sababu gari lipo na watu wapo. Usiposikia unabaki juu, hata giza likukute huko.

Mama yangu ni mmoja wao. Dungu lake ni la mwisho kabisa, mbali na wenzake, karibu na matete. Nimemsihi auache mpunga wa mwaka huu, hasikii. Anasema njaa nayo inakula watu. Simba hamtaji kwa jina, anamwita "yule" tu, kama jirani waliyekosana.

Pikapu yenyewe ni mtumba wa Japani. Ghala la ushirika lilipofungwa na mimi nikaambiwa niende nyumbani, niliungana na kaka zangu tukainunua, maana siku hizi kila mtu ameambiwa awe mfanyabiashara. Mlangoni bado ina maandishi ya Kijapani. Watani wangu wanasema yameandikwa "kilichouzwa hakirudishwi." Zinashushwa nyingi bandarini, rangi moja, sauti moja. Mwezi uliopita pale Ndundu, tukisubiri pantoni, nilikuta nyingine nyeupe vilevile, ya mnunuzi wa mpunga kutoka Dar es Salaam. Tukapigiana honi kwa utani. Abiria walicheka, hakuna aliyejua ipi imelia.

Nami nilicheka.

Kasoro ilianza wiki iliyopita. Ukikata usukani kushoto, honi inalia yenyewe. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, watu wakisema gari langu lina adabu, linasalimia kila mtu. Nikajiambia nitalipeleka kwa fundi nikipata nafasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa tangu shule, lakini nani anayekumbuka methali gari likiwa bado linatembea?

Jumapili nilikwama kwenye udongo mweusi kabla hata ya kufika kwenye kona. Usukani ulikuwa umekatwa kushoto na honi ikaanza. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mpaka nilipofungua boneti na kung'oa waya, ilikuwa imeshaita vya kutosha. Bondeni watu wakashuka. Walioko karibu karibu walijikusanya wakawasha moto. Mama alisimama barabarani peke yake, akinisubiri, mpaka jua likazama.

Watu waliponikwamua, tulimkuta mzima. Kesho yake asubuhi nikaenda kutazama pale aliposimama. Nyayo za kandambili zake zilikuwa matopeni, na juu ya mojawapo palikuwa na unyayo mwingine, mpana kama sahani ya kulia wali.

Sikumwambia. Niliufuta kwa mguu, nikarudi nyumbani nikashindwa kunywa chai.

Nikaifungua honi nzima siku hiyohiyo nikampelekea Shabani, fundi wetu, anayefanya kazi chini ya mkorosho pale mteremko unapoanzia. Akaiweka mezani kwake, akaifumua, akasema imeingia maji na vipande vyake vinahitaji kukauka. Tangu hapo nimekuwa nikishuka bondeni bila honi, nagonga mlango wa pikapu kwa spana na kupiga kelele, "Gari jamani! Gari!" Jana nilipofika kwa Mama nilimkuta ameshashuka, amesimama na jembe na kikapu chake kabla sijagonga. Nikadhani kasikia injini. Nilifurahi hata, nikasema masikio ya mama yangu bado yako imara.

Leo mchana Shabani alinilaza chali chini ya usukani nimshikie tochi. Ni mtu wa maneno machache, lakini akiona kosa hufurahi kama aliyeokota embe.

"Honi haina neno, bwana," akasema. "Waya wa usukani umechubuka. Ukikata kushoto unagusa chuma. Hii ingekulilia mpaka kiama."

Akaufunga utepe, juu yake akavisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Akasugua ncha za nyaya kwa msasa, akairudisha honi mahali pake, akakaza nati. Nikakata usukani kushoto, kimya. Kulia, kimya. Jamani, nilivyofurahi! Nikamwona Mama akishuka ngazi yake kwa raha, siku zote zilizobaki mpaka mavuno.

"Haya, piga tuisikie," akasema Shabani.

Nikapiga. Tatu.

Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Sauti ilitoka safi kuliko siku tuliyoinunua. Shabani alibaki na bisibisi mkononi, akinitazama.

"Umepiga tatu," akasema.

Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda bondeni. Injini sikuwa nimeiwasha.

Sikumbuki vizuri nilivyoteremka. Boneti hatukuifunga sawasawa, ikawa inagonga njia nzima. Watu wa madungu ya kwanza walikuwa tayari barabarani, nikawapakia bila hata salamu. Baada ya kona ya mvumo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Mpunga unaoiva haukosi ndege, ndiyo maana tunashinda nao. Leo hapakuwa na hata mmoja. Nyuma ya pikapu watu walisogeleana.

Mama alikuwa amesimama barabarani. Hakuwa ametuelekea sisi. Alikuwa ameyaelekea matete, jembe amelishika kwa mikono miwili.

"Panda, Mama."

Alipanda taratibu, bila kuyapa matete mgongo, akafunga mlango. "Yule yumo mle," akasema. "Tangu nilivyoshuka."

Aliyasema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Niligeuza gari, nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, na honi haikulia. Fundi kafanya kazi yake.

Tulipofika juu nilipunguza mwendo. Nikamwambia, "Nisamehe Mama, leo nimekuchelewesha."

"Leo hukuchelewa sana," akasema. "Jana ndiyo ulinikomesha, baba. Umepiga honi zako tatu, mie nikashuka, nikasimama wee mpaka miguu ikafa ganzi. Ulikuwa wapi?"

Jana honi yangu ilikuwa mezani kwa Shabani, imefumuliwa.

Nilisimamisha gari. Nikawauliza walioko nyuma, na jamaa mmoja akajibu bila wasiwasi wowote. Ni yule mnunuzi wa mpunga, mwenye pikapu nyeupe. Tangu juzi yuko upande wa pili wa bonde, anazunguka, anapiga honi wenye magunia watokeze. Ngapi? Tatu, akasema. Huwa anapiga tatu.

Hana kosa. Hajui honi tatu huku kwetu maana yake ni nini, na hata mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kupiga honi ya gari lake. Nitamtafuta kesho asubuhi nimweleze, akinielewa atapiga namna nyingine. Lakini nyuma yake atakuja mwingine. Zinashushwa kila leo.

Hilo ndilo linaloniuma. Nimehangaika na honi siku zote hizi, nikaamini ubaya uko kwenye waya. Tumeitengeneza vizuri kabisa, na sasa inalia kama zote.

Tulipofika nyumbani nikamwambia Mama kwamba kuanzia kesho asishuke kwa honi.

"Nitajuaje basi kama ni wewe?"

Nikasema nitapiga nne. Akauliza, na mwingine akipiga nne? Nikasema basi nitamwita kwa jina. Hapo alinitazama kama nilipokuwa mtoto. "Porini mtu haitiki akiitwa jina," akasema, "hajui anayemwita ni nani. Mimi mwenyewe nilikufundisha hilo kabla hujaanza kushika jembe."

Ni kweli, alinifundisha. Ndiyo maana tulichagua honi.

Nimeamua hivi. Kesho sitapiga chochote kwenye kona. Nitaendesha mpaka chini ya nguzo za dungu lake, nizime injini, anione uso wangu ndipo ateremke. Nimemwapisha. Ameitikia, lakini ameitikia upesi mno, na mtu mwenye mazoea hamalizi kuapa kabla mguu haujashuka. Mkono wangu leo umenionyesha. Nimemwomba tena aache mpunga. Amesema zimebaki wiki chache tu, kisha akaingia jikoni kukuna nazi.

Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo mahali popote.

Nilikuwa nataka kuishia hapo nikalale. Lakini sasa hivi, kalamu bado iko mkononi, honi tatu zimelia bondeni. Safi, mojamoja. Pikapu yangu iko mbele yangu, imezimwa, manyunyu yanateremka kwenye kioo.

Jikoni nazi imeacha kukunwa.

"Ni wewe huyo?" Mama ameuliza.

Nimemjibu kwamba si mimi. Kesho akiuliza hivyo akiwa dunguni, nani atamjibu?