Binti Aliyenikosoa Mbele ya Mkaguzi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Kibiti. Babu yako kifua kimetulia, na mama yako keshavuna mpunga. Unaniuliza uanzeje kufundisha ushairi, nawe unauogopa.

Hata mimi niliuogopa. Nilikuwa mwalimu mgeni kule Salale, kwenye delta ya Rufiji, na siku ya somo langu la kwanza la shairi, mkaguzi alishuka kwenye boti akaja kuketi nyuma ya darasa. Nikasoma beti zote, nikaandika ubaoni vina na mizani. Wanafunzi wananakili, mkaguzi anaandika tu.

Ndipo Mwajuma, binti wa mvuvi, akasimama.

"Samahani, mwalimu. Mtu huyu wa kwenye shairi kafiwa, nawe unamsoma kama tangazo la mkutano."

Mkaguzi akaacha kuandika. Uso uliniwaka, nikataka kumwambia aketi. Lakini alisema kweli: shairi lile nilikuwa nimelihesabu tu, sikuwa nimelisikia.

Nikampa kitabu. "Haya, lisome wewe."

Akalighani polepole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufiwa. Kufikia ubeti wa tatu, wenzake wote walikuwa wakiitikia kituo.

Katika ripoti yake mkaguzi aliandika kwamba nilishindwa kulitawala darasa. Sikubisha. Kesho yake wanafunzi wenyewe waliniomba shairi jingine.

Basi mama, kila shairi lighani kwanza ukiwa peke yako, mpaka likuguse. Kisha ingia darasani.

Nakuombea kheri,
Bibi yako Mwanaidi