Neno Ulilolifuata Jikoni Kwangu, Kaka Oiva

Mwaka umeshatimia, kaka Oiva, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, theluji ikiwa bado imefika madirishani na wanao wakiwa hoi kwa kukesha kwa zamu. Watu walituambia mwaka wa kwanza ndio mrefu. Kwetu umepita kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, polepole na bila kusema na yeyote.

Wanao walikuwa wameandaa tangazo lao la kumbukumbu la gazetini, la mistari minne, lenye picha yako umevaa tai na aya moja ya Zaburi. Lilikuwa zuri. Jouni, mwanao mkubwa, alikuja kunisomea, nikamwambia, "Baba, hilo liacheni. Safari hii naandika mimi." Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu sina, ila nina miaka sabini na sita na sina nguvu za kungoja mwaka mwingine.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo kwanza. Miaka thelathini na moja uliendesha gari la kukusanya maziwa, ukapita kila zizi la wilaya hii, na majina ya ng'ombe wa watu ukayajua kuliko ya wapwa wako. Kahawa uliinywa kwenye kisahani, donge la sukari likiwa katikati ya meno, hata kwenye harusi ya binti yako Taina, mbele ya wakwe waliotoka Helsinki na vikombe vyao vya kushika kwa vidole viwili. Watoto kumi na mmoja uliwahesabu garini kila mlipotoka. Siku uliyokosea hesabu na kumwacha huyo huyo Taina kwenye kituo cha mafuta, ulirudi kilomita arobaini ukamkuta anakula mkate wa mdalasini kwa mwenye kituo, na hataki kuondoka.

Jumapili ulihubiri katika nyumba yetu ya mikutano, bila malipo, kama wahubiri wetu wote. Mahubiri yako yalikuwa marefu. Mkeo Helvi alikuwa akianza kukohoa ukizidisha saa nzima, na wewe ulikuwa humsikii, au ulijifanya humsikii.

Lakini watu hawakukufuata kwa ajili ya mahubiri. Kwetu mtu akilemewa na dhambi si lazima aende kwa mchungaji. Humwendea muumini mwenzake yeyote, zizini au dukani, akamweleza, na yule humkumbatia shingoni na kumwambia: amini, umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Ndivyo tulivyolelewa mimi na wewe. Baba alimwambia mama maneno hayo Jumamosi baada ya sauna, bafu letu la mvuke, sisi tukiwa tumekaa pale nywele zinatuchuruzika maji, naye mama akamwambia baba. Wengi waliyapata kwako. Wengine walipanda gari la maziwa kwa ajili hiyo tu, wakashuka zizi linalofuata.

Mimi pia niliyapata kwako. Nilipomzaa Pirjo, mtoto wangu wa tatu, daktari aliniambia mimba nyingine itanizika, na nikaanza kumeza vidonge vya kuzuia. Kwa waumini wetu wakati ule, hilo lilikuwa kosa ambalo mtu hakulitaja hata kwa kunong'ona. Usingizi ulinipotea. Nikakufuata zizini, nikakuambia wewe peke yako, kwa kuwa u kaka yangu. Ulinikumbatia shingoni ukaniambia niamini, nikaamini. Nilirudi nyumbani nikakanda unga wa mikate kumi na miwili, jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Miezi minne baadaye, vuli ya mwaka 1978, ikaja ile mikutano ya kuonyana. Wazee wenzangu mnaosoma hapa mnaikumbuka, msijifanye mmesahau. Mtu aliitwa mbele, akahojiwa kwa saa tatu hata nne, mpaka akubali kwamba ana roho mbaya. Ilipofika zamu yangu waliuliza habari za mapazia yangu, na redio ya mume wangu Arvi, vitu vya kidunia machoni pao, nikajibu bila shida. Ndipo ulipoinuka wewe, kijana wa miaka thelathini na miwili, suti mpya, ukasema, "Dada yangu na awaambie alichoniambia mimi zizini."

Ukumbi ulikuwa na watu kama mia mbili. Nilinyamaza. Basi ukawaambia wewe.

Walitamka kwamba dhambi zangu zimebaki juu yangu, na kwamba tangu siku ile mimi si mmoja wao. Waumini wetu husalimiana "Amani ya Mungu", mpaka leo. Wewe ulinikuta dukani kesho yake ukaniambia, "Habari za asubuhi." Ukaendelea kuniambia hivyo kwa miaka arobaini na sita. Sikufichi, kaka, hiyo iliniuma kuliko ukumbi wote ule. Baadaye wakubwa walikiri kwamba mikutano ile ilipotoka. Walikiri kwa jumla, kwenye karatasi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunigongea mlango.

Arvi alipofariki, ulianza kuniondolea theluji. Ikianguka usiku, saa kumi na mbili asubuhi trekta lako limeshaingia uani. Hukushuka hata siku moja, nami sikutoka kukushukuru hata siku moja. Wanangu walisema ni namna yako ya kuomba radhi. Nikawajibu kwamba trekta halina mdomo. Majira ya baridi ishirini na manane, Oiva. Nikubali leo kwamba mara nyingi nilikuwa nyuma ya pazia nakutazama, na ukichelewa roho yangu haikutulia.

Halafu Februari ya mwaka jana Helvi alikuleta kwangu mchana, saa nane, yeye akabaki garini. Ugonjwa ulikuwa umeshakumaliza. Koti lilikuwa limekushinda. Nilikuwa namenya viazi. Ulisimama mlangoni ukasema, "Amani ya Mungu, mdogo wangu."

Sikuitikia. Nilikuambia ukae, usije ukaniangukia. Ulikaa kwenye benchi, ukavua kofia, ukasema umekuja kuomba, na mimi ninajua unaomba nini. Nilijua. Nikakujibu nilivyokuwa nimepanga kukujibu kwa miaka yote hiyo: kwamba mlinitoa nje, na kwa sheria zenu mtu wa nje hana ruhusa ya kumtamkia mtu msamaha. Nenda kwa wenzako, nikakuambia, wako tele.

"Nimekwenda kwa wote," ukasema. "Wote wameniambia niamini. Nashindwa. Hakuna hata mmoja wao niliyemtoa mbele za watu, Saimi. Ni wewe."

"Umechelewa, Oiva. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka."

Ulilia pale bila sauti, kamasi zikakutoka, na mimi sikukupa hata kitambaa. Nilitaka uondoke. Kwa hiyo niliyasema maneno yale nikiwa bado nimeshika kisu, bila kukusogelea, kwa sauti niliyowasomea watoto wa shule chakula cha siku nilipokuwa mpishi wao: amini, umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Ulifumba macho. Ulipoyafumbua ukanitazama sana.

"Hujanisamehe," ukasema.

"Sijakusamehe."

"Haidhuru. Neno si lako. Ni lake."

Ukavaa kofia. Uliniambia ukipata nguvu utasimama ukumbini Jumapili ya Matawi na kulisema kosa lako mbele za watu wote, kisha ukaenda zako. Nilikuona dirishani unatembea kwenda garini, na hukuwa umejikunja kama ulivyokuja. Siku ya kumi na moja Jouni akanipigia simu. Jumapili ya Matawi ilikuwa bado.

Kwenye mazishi kila mtu alisema umeondoka kwa amani. Nilikula supu yao ya samaki huku nimefura. Nilijua amani hiyo uliipata wapi. Uliipata jikoni kwangu, kwa maneno niliyoyatoa bila moyo, ukaondoka nayo, ukaniachia mimi uchungu wote na viazi vyangu. Masika ikapita hivyo, na kiangazi, na uvunaji wa viazi. Nilikuwa naamka nimechoka na kulala nimechoka. Nilikuwa na hasira na wewe, na nilikuwa na hasira na Mungu aliyekupokea haraka namna ile bila kuniuliza.

Novemba, Jumamosi ya kuwasha mishumaa makaburini, Helvi alinipitia twende pamoja. Theluji ilikuwa ya kwanza, mbichi, na viberiti havikushika. Ulipowaka mshumaa wako nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia, "Wifi, nilimdanganya mumeo. Nilisema kwa mdomo tu."

"Alijua," Helvi akasema. "Alipoingia garini aliniambia, Saimi bado amenikasirikia, lakini Mungu hanikasirikii tena. Akalala njia nzima. Alikuwa hajalala wiki mbili, wifi."

Akaongeza kwamba ulipoamka mlangoni kwenu, kabla hujashuka, ulimuuliza, "Sasa Saimi naye nani atamwambia?" Tangu siku ile alikuwa akitafuta namna ya kunifikishia, akaogopa nitamfukuza. Ningemfukuza kweli.

Nikakaa juu ya ukingo wa kaburi la jirani yako, marehemu anisamehe. Nilimwambia Helvi kwamba nimechoka kuchukia. Nimemchukia kaka yangu nusu karne, nikamwacha afe bila kumgusa hata mkono, na dhambi hiyo haukunitwika mkutano wowote, niliibeba mwenyewe nikaitunza vizuri. Kisha nikamuuliza swali ambalo kwetu mtu huuliza, na ambalo sikuwa nimelitamka tangu nikiwa na miaka ishirini na tisa.

"Je, na mimi naweza kuamini?"

Helvi aliweka chupa ya kahawa kwenye theluji, akainama kwa magoti yake yale mabovu, akanikumbatia shingoni. Glavu zake za sufu zilikuwa zimelowa maji. Aliniambia amini, Saimi, umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Halafu yeye naye akasema siku ile ukumbini alikuwa amekaa safu ya pili, akanyamaza, na ukimya ule umemkaa kifuani tangu hapo. Nikamwambia na yeye aamini. Watu waliokuwa wakipita na mishumaa yao walituona vikongwe wawili tumeng'ang'aniana juu ya kaburi, wakadhani tumeteleza. Kijana mmoja akaja kutuinua.

Sikuona nuru yoyote, kaka. Niliona baridi ya miguu. Lakini niliporudi nyumbani nililala kwenye benchi la jikoni na nguo zangu, mchana kweupe, mpaka wakati wa chakula cha jioni, na nilipoamka nilikuwa nimepumzika. Nilikuwa nimesahau hali hiyo ikoje. Mungu amenipokea nilivyo, mzee, mkaidi, bila kunihoji kwa saa nne, na sasa nina pa kukimbilia. Siku hizi nakwenda kwenye nyumba ya mikutano. Nakaa karibu na mlango, kwa ajili ya mgongo, wala si kwa hofu.

Ulitaka kusimama mbele za watu ulitaje kosa lako, hukuwahi. Nimelitaja mimi hapa, si kwa kukuaibisha, ila kwa sababu lilitendeka mbele za watu, na jibu lake pia linastahili kusikika mbele za watu. Wanao wamesoma kila mstari na wameniruhusu. Helvi amesoma akalia, kisha akaniambia nimeandika mengi kama wewe.

Oiva, kaka yangu, amini. Umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake, na ile ya ukumbini pia. Mwaka jana Mungu alikusamehe kwa mdomo wangu, mimi mwenyewe nikiwa sipo. Leo nipo. Leo nakusamehe mimi, Saimi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Helvi; wanao Jouni, Taina na ndugu zao tisa, pamoja na wake na waume zao; wajukuu wako thelathini na wanane; wapwa wako Pirjo, Olavi na Sirkka, ambao majina yao ulikuwa ukiyachanganya; na dada yako.

Hatukusahau, Oiva, wala hatutakusahau siku zote tulizobakiwa nazo.