Kompyuta ya Beza Haina Pepo

Beza mdogo wangu,

Kompyuta haina pepo. Mama ameshayarudisha maji ya baraka kabatini. ~~Usiiguse mpaka nirudi kutoka kazini.~~ Itumie, ila mezani tu!

Jana uliniambia, "Umeiua kwa programu ulizoiwekea, Hirut, na Baba umemuua mara ya pili." Niliumia. Kwa hiyo leo ulipokwenda kanisani nikaikagua. Ukiandika tu, haizimiki. Inazimika pale picha ya Baba uliyoichora inapoanza kutembea filamuni. Nikajaribu kwa betri peke yake, kisha kwa chaja, ikazimika vilevile. Basi tatizo si umeme. Nikatazama kipimo cha joto: kilipanda, kikapanda, halafu giza. Kumbe inajizima isiungue! Nilipoifungua, feni imejaa nyuzi za pamba za shuka lako la gabi. Unafanyia kazi kitandani kama malkia, unategemea nini? Nimeisafisha kwa brashi na kupaka dawa mpya ya kupitisha joto.

Mama alikuwa anapika kahawa. Nikaiwasha filamu yako, tukanywa vikombe vyote vitatu vya desturi, haikuzimika. Baba akavuka ua kwenye skrini mpaka mlangoni. Mama akajifuta macho kwa mtandio wake wa netela. Mwishowe akasema, "Kofia mmekosea. Alikuwa anaivaa upande."

Mchuzi wa shiro upo jikoni, upashe moto. Kisha irekebishe hiyo kofia kwenye filamu kabla wageni wa kumbukumbu ya Baba hawajafika Jumapili.

Dada yako,
Hirut