Nilimnyima Radhi Msichana wa Gansu kwa Jina la Marehemu

Mpendwa Bi Dorothea, shikamoo. Nakusoma kila Alhamisi kwenye basi, tangu nilipokuwa nikitoka Langley Park kwenda kazini Arlington, na siku zote nawacheka wanaokuandikia, nasema hawa watu mambo haya wanayatoa wapi, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo nitapewa cheti cha uaminifu mbele ya watu mia mbili, na mimi ni mwongo.

Mimi ni Mtanzania, natunza wazee majumbani, na kwa miaka minne nilimtunza Bibi Shen, mama wa Kichina, mwalimu mstaafu wa miaka karibu tisini, mtu mkavu lakini mwenye haki. Yeye na wenzake hapa Washington wana chama chao kinachosomesha wasichana wa vijiji vya milimani huko Gansu, China, kwa sababu huko serikali inamfikisha mtoto darasa la tisa, kuanzia hapo ada na bweni ni juu ya mzazi, na mzazi mwenye kashamba ka viazi kwenye mteremko akikaa chini kufikiri, anayebaki nyumbani ni msichana. Nilipomsimulia kaka yangu Kalisti kule Bukoba alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili acheke vizuri, eti Wachina hawa hawa wanaotujengea barabara leo ndio wa kuchangiwa ada? Nikamwambia kaka, sisi nasi tuna maghorofa Dar na watoto wanaandikia magotini, akaniuliza hela zake yeye nitamtumia lini.

Sasa chama kile kina sharti moja, kwamba mfadhili asitoe hela tu akakaa, lazima amwandikie mtoto barua kwa mkono, mara nne kwa mwaka, na mtoto ajibu. Mtoto aliyefadhiliwa na Bibi Shen anaitwa Caixia, ana miaka kumi na saba. Bibi mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo yeye alikuwa anasema kwa Kiingereza, mimi naandika, na mama mmoja wa chama anatafsiri kwa Kichina. Barua zake zilikuwa fupi, utafikiri maelezo ya kwenye chupa ya dawa. Soma kwa bidii. Hisabati usiiache. Vaa soksi. Basi, sahihi.

Mwaka juzi Bibi akapata kiharusi, maneno yakamtoka yote. Chama wakanipigia wakauliza barua ya Caixia iko wapi, mtoto anasubiri, nami nikaona aibu kusema hakuna, nikasema inakuja, Bibi bado ananinong'oneza neno moja moja, na mwanawe nikamwambia hivyo hivyo, nikakaa nikaandika mwenyewe nikaweka jina la Bibi. Nikamsomea, akafumba macho, nikachukulia kwamba amekubali. Bi Dorothea, nikaandika ya pili, ya tatu, ya sita. Nikawa namuuliza yule mtoto anakula nini bwenini, nani anamsumbua, kwa nini fizikia imeshuka, naye akaanza kunijibu kurasa nne, tano, anamwambia Bibi mambo ambayo hamwambii hata mama yake, na mimi nikawa nasubiri barua zake kuliko mshahara.

Februari mwaka huu akaandika kwamba baba yake ameumia mgongo, kwa hiyo Mwaka Mpya wao ukiisha ataacha shule, atamfuata binamu yake kusini kwenye kiwanda cha viatu. Nilipandisha. Sijui nikuelezeje, kichwa kilipata moto, nikachukua kalamu nikamwandikia kwamba ukitoka kwenye hilo darasa radhi yangu huna, niwe hai au niwe kaburini, na kama kweli ulinyonya maziwa yangu utaona. Ndiyo, maziwa. Niliandika maziwa. Ni maneno ya marehemu mama yangu, aliniambia hivyo hivyo nilipoacha chuo cha ualimu nikaja huku, na alifariki hatujasemezana vizuri, na sikuwa na karatasi za kuniwezesha kwenda kumzika. Nikaikunja barua, nikaipeleka posta imfikie yule mama wa kutafsiri, na moyo ukatulia kabisa, ndilo jambo linalonitisha sasa.

Barua ilifika mtoto ameshaondoka. Mwalimu wake akaipiga picha akamtumia kiwandani. Wiki tatu baadaye Bibi Shen akafariki, chama wakampa Caixia taarifa, na mwezi uliopita akaandika barua kwa marehemu. Anaomba msamaha. Anasema mwalimu amemshikia nafasi mpaka Septemba na baba ameshapona na amekubali arudi, lakini yeye hawezi, hana uso wa kukalia kiti kilicholipiwa na mtu aliyekufa amemkasirikia. Anaomba barua hiyo ichomwe kaburini ili moshi umfikie Bibi.

Na kazi ya kuichoma nimepewa mimi! Christopher, mwanawe Bibi, anasema mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, kwa hiyo Jumamosi asubuhi twende makaburini, na jioni ni karamu ya chama ya kila mwaka, ambapo nitapewa cheti, na ile barua ya radhi itasomwa mbele ya watu. Wameipenda mno. Wanakamati wanasema Bibi Shen uzeeni kalamu ilimfunguka, na yale maziwa wamekubaliana kwamba ni fumbo la kishairi la Kichina cha zamani. Christopher ameitia kwenye fremu. Alilia mbele yangu, akasema mama yake hakuwahi kumgombeza yeye kwa upendo wa namna hiyo. Nikamshika mkono nikasema pole.

Nifanye nini? Nikiichoma nikanyamaza, mambo yanaisha, Christopher ameshanitafutia kazi nyingine kwa shangazi yake na kila mtu ana amani. Nikisema, nitaonekana tapeli, na mtu aliyefiwa nitakuwa nimempokonya mama yake mara ya pili. Nishauri, dada yangu, sili nikashiba.

Ni mimi E., Langley Park. Jina langu kamili tafadhali usilitoe.

*

Marahaba, E.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, sikufichi, nilicheka mpaka chai ikapoa. Maziwa gani, mwanamke wewe? Bibi wa watu ana miaka karibu tisini, yuko Arlington, mtoto yuko Gansu, hawajaonana hata siku moja, wewe unamtolea habari za kunyonya! Na kamati nzima ya watu waliosoma wakakaa wakalifumbua fumbo. Mara ya pili sikucheka.

Hebu tuanze na kufumba macho. Mgonjwa wa kiharusi akifumba macho amechoka, au amelala, au amechoka na wewe. Hajatia sahihi. Umefanya kazi na wagonjwa miaka minne, hilo unalijua kuliko mimi, kwa hiyo usiniletee hapa.

Lakini sitakuita tapeli, maana tapeli huiba, na wewe ulichofanya ni kumlea mtoto wa watu kwa kalamu bila ruhusa. Zile kurasa tano alikuandikia wewe. Aliyemuuliza anakula nini ni wewe. Mwanamke aliyempenda yule msichana hajafa, yuko kwenye basi ananisoma. Kosa lako kubwa si kuandika. Ni kwamba umeshika radhi ya mtoto mkononi, unajua anaililia, na unaniuliza kuhusu cheti.

Hebu isome tena barua yako uone umeweka nini mbele. Kwanza cheti, halafu shangazi wa Christopher, halafu machozi ya Christopher. Caixia yuko kiwandani anabandika soli za viatu, nafasi yake inashikwa mpaka Septemba, baba amekubali, hakuna kinachomzuia duniani ila sentensi yako moja. Moja! Kama ingekuwa ada ningekwambia mtafute mfadhili. Huyu anahitaji mtu afute alichokiandika, na mwenye kalamu ni wewe peke yako.

Na mama yako. Nimekuona ulivyompitisha katikati ya sentensi haraka haraka, kama mtu anayepitisha mzigo forodhani. Mdogo wangu, pole sana. Umeishi na maneno yale miaka yote hii, unajua yanavyolala na mtu na yanavyoamka naye, halafu siku ulipoumia ukayachukua ukambebesha mtoto aliye upande wa pili wa dunia, ukasikia moyo umetulia. Ulitulia kwa sababu ulikuwa umeutua mzigo huo. Sasa nenda ukauchukue. Mama yako hawezi tena kukurudishia neno lake, wewe unaweza kurudisha lako. Unajua barabara ni maneno gani ulitamani kuyasikia kutoka kwake, basi hayo hayo.

Barua ya mtoto usiichome. Ukiichoma utakuwa umechoma ombi lililokuhusu wewe, na moshi hautakwenda popote ila machoni pako.

Leo ni Alhamisi. Kesho nenda kwa Christopher, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu, mweleze yote mpaka maziwa. Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike, usijitetee wala usimlilie ili akubembeleze. Akimaliza, mwambie mama yake halisi alikuwa anamwandikia mtoto avae soksi, na kwamba alikumbuka soksi hizo hata mikono iliposhindwa kushika kalamu. Mwulize kama naye hakuwahi kuambiwa avae soksi. Mtu kama huyo aliyelelewa na mama mkavu anaweza kuishi na mama mkavu wa kweli. Hiyo fremu ataamua mwenyewe.

Kazi ya shangazi ikipotea, imepotea. Wazee wa kutunzwa Maryland na Virginia hawajawahi kuisha, na siku moja tutakuwa wewe na mimi. Chama nao waambie kabla ya karamu, wala usiwavizie kwenye kipaza sauti katikati ya wali. Watakachofanya na cheti chao ni shauri lao. Wakiamua kukupa huku wanajua, kipokee. Wakiamua kutokupa, kula chakula urudi nyumbani.

Sasa lililo kubwa. Usimwandikie Caixia barua nyingine, barua inachukua wiki tatu na umeshaona zinavyofika. Mpigie, Jumamosi hii, si ile ya karamu. Saa moja jioni yako ni saa moja asubuhi ya Jumapili kwake. Mwombe Christopher akutafsirie. Utasema pengine hakijui Kichina vizuri, ni kile cha jikoni alichosikia utotoni, kama Kiswahili cha watoto wetu wa hapa. Kinatosha, unachokwenda kusema hakina maneno magumu. Akikataa, mwombe yule mama wa chama, naye ana lake la kujibu, alitafsiri maziwa bila kuuliza.

Mwambie jina lako lote, lile uliloniomba nisilitoe. Mwambie unafanya kazi gani, unatoka wapi, kwamba Bibi Shen hakuwahi kumkasirikia hata siku moja, aliyekasirika ni wewe, na uliogopa. Huenda akakata simu. Huenda akakutukana, na kwa umri wake atakuwa anayajua matusi mazuri. Ngoja, piga tena. Usimlazimishe kurudi shule palepale, ulishamlazimisha mara moja ukaona. Mwachie Septemba iwe ya kwake.

Na akipokea, usianze na machozi yako. Muulize kwanza kama amekula. Halafu mwambie radhi anayo.

Bi Dorothea