Watasema Amekula Sumu ya Panya

Baba Timotheo,

Mbwa wetu Watasema yuko hai! Nimerudi mara moja kuwatazama watoto wake, sasa nakimbia tena kwa bwana mifugo. Kasema tumwangalie mpaka jioni.

Usiwaache watoto wanyonye akirudi leo. Wape maziwa ya ng'ombe, ya vuguvugu. Halafu fagia ghala lote, uchafu uufukie mbali. Ile sumu uliyoichanganya na ugali jana, ukaiweka chini bila kuniambia, ndiyo aliyoila asubuhi.

Nilimkuta ghalani analamba sakafu. Mama yako akasema, "Mnyweshe mafuta atapike." Nikakataa, sikujua ni sumu gani. Nikachukua kopo la sumu, nikambeba Watasema mgongoni kwa kanga kama mtoto, mbio mpaka joshoni. Kwa bahati bwana mifugo alikuwa pale anachanja ng'ombe. Akasoma kopo, akampiga sindano, mbwa akatapika yote!

Akaniambia, "Mama, umefanya vizuri kuja upesi na kopo. Mafuta yangempalia."

~~Chakula kajipikie mwenyewe.~~ Viazi vimo chunguni, bado vya moto.

Hasira ninayo, lakini furaha imeizidi. Nilipogeuka kuondoka, Watasema alisimama mwenyewe, miguu inatetemeka, akataka kunifuata. Wachungaji wote walioleta ng'ombe wakapiga makofi, nami nikalia mbele yao bila haya.

Mama Timotheo