Taji la Mdogo Wangu

Karungu,
12 Agosti 1996

Kwa Shangazi Perpetua, Oyugis,

Nakusalimu nikiwa mzima. Mvua imechelewa, lakini omena ziwani ni nyingi na kikohozi cha Mama kimetulia.

Mourine yuko njiani kuja kwako. Usimrudishe, mtafutie shule. Barua hii nimempa mwanamke muuza omena aitie mkononi mwako, Mourine asiione.

Hapa kambini kwa Nabii, ndoto ndiyo sheria. Mtu husimama madhabahuni asubuhi akaeleza alichooteshwa, na Nabii akikubali, hakuna wa kupinga. Mwezi uliopita Nabii mwenyewe aliota kwamba Mourine, na miaka yake kumi na mitano, atakuwa mke wake wa saba. Mama alipiga magoti akashukuru.

Nilikaa siku tatu nikitunga ndoto yangu. Juzi Jumamosi nikasema malaika amenionyesha taji la bibi harusi likitolewa kwa mdogo wangu na kuwekwa kichwani pangu, naye akipelekwa mbali, asikanyage tena kambini.

Mzee Boaz, msaidizi wa Nabii, akaniuliza, "Wewe msomi, umeoteshwa? Si kila siku unasinzia kwa maombi?"

"Ndiyo maana naota, Mzee."

Watu wakacheka, hata Nabii. Kisha akanitazama, akasema, "Amina."

Harusi yangu naye ni Jumamosi hii. Mourine anaamini nimempokonya taji, na ameondoka bila kuniaga. Mwache anichukie, Shangazi. Akijua sikuota chochote, atarudi.

Mwanao,
Rael